Lugha ya Tangazo si Lugha ya Mapambo

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara nao hushikilia kuwa biashara ni matangazo. Kauli hizi mbili huonekana kupingana, lakini mimi nilizipatanisha mjini Garissa, tena baada ya kutahayari.

Mama mmoja muuza maziwa ya ngamia, ambaye bintiye nilimfunza Kiswahili, aliniomba nimwandikie tangazo la kubandika kibandani pake. Nililiona ombi hilo kuwa heshima kubwa. Nikakesha nikiyapamba maneno: maziwa meupe mithili ya theluji, matamu kupita asali, yenye kumwinua mgonjwa mahututi kitandani. Nikatia na methali mbili.

Juma moja baadaye mama alikuja, karatasi i mkononi. "Mwalimu," akasema kwa upole, "watu husimama, husoma, hucheka, kisha huniuliza bei. Hukuandika bei."

Naam, sikuandika bei. Wala sikueleza kama maziwa ni mabichi ama ni susa, yalikamwa lini, au kibanda hufunguliwa saa ngapi. Theluji yenyewe ni nani Garissa aliyepata kuiona? Baya zaidi, ile ahadi ya kumponya mgonjwa ilikuwa uongo, na mama hakutaka riziki yake isimame juu ya uongo. Bintiye aliandika mistari minne iliyojibu maswali hayo. Hiyo ndiyo iliyobaki ukutani.

Ningalijifunza mapema kutoka soko letu la mifugo, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya ng'ombe Afrika Mashariki. Pale mnunuzi humkagua ng'ombe kwa macho na kumshika kwa mikono. Dalali anayemsifu fahali aliyekonda hupoteza wateja siku ya soko ifuatayo. Msomaji wa tangazo hana cha kushika. Maneno ndiyo macho yake na mikono yake, na kwa hiyo yanapaswa kuwa wazi na ya kweli.

Lawama ni yetu walimu. Hadi mtihani wa KCPE ulipokomeshwa mwaka wa 2023, wengi wetu tuliwakaririsha watoto tashbihi ili wavune alama. Katika KCSE, swali la kwanza la karatasi ya Insha ni la lazima, nalo hupima uandishi wa kiuamilifu. Hata hivyo, aghalabu sisi hufunza anwani na sahihi, tukamsahau atakayesoma.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hapa Garissa, ndicho kinachomkutanisha Msomali na Mpokomo, Mkamba au Mmeru sokoni. Lugha ya makutano haipaswi kuwa fumbo.

Sikatai urembo wa lugha. Una mahali pake katika ushairi na hadithi. Lakini wewe mwanafunzi, kabla hujaandika neno la biashara, jiulize: msomaji wangu ni nani, naye anataka kujua nini? Mjibu hayo kwa ukweli, kisha weka kalamu chini.