Wakunga Waliomcha Mungu

Kiswahili kina kitenzi kifupi, -cha, ambacho siku hizi kimebaki karibu kwa Mungu peke yake. Hakuna anayesema anamcha simba au anamcha askari, hao anawaogopa. Mungu ndiye tunayemcha, na mtu anayesifika kwa jambo hilo tunamwita mcha Mungu, awe Mkristo au Mwislamu. Tofauti hiyo inafaa kushikwa kwa mikono miwili, maana makanisani uchaji umechanganywa na woga hadi waumini wengi wakisikia neno utii wanaelewa kunyamaza. Katika Biblia uchaji ndio unaotangulia, na ndio unaoupima utii. Asiyemcha Mungu naye atatii, lakini atamtii yeyote mwenye sauti kubwa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko mwanzoni mwa kitabu cha Kutoka, kabla Musa hajazaliwa. Mfalme wa Misri anawaita wakunga wawili, Shifra na Pua, anawaagiza kwamba wakiwazalisha wanawake wa Kiebrania watazame pale kwenye kiti cha kuzalia: mtoto akiwa wa kiume auawe, akiwa wa kike aachwe. Amri imetoka kwa mkubwa wa nchi, na kuitimiza kungechukua dakika chache ndani ya chumba cha uzazi, mbali na macho ya watu. Wakunga hawakuitimiza. Mwandishi anatoa sababu moja tu: walimcha Mungu. Hasemi kwamba walikuwa mashujaa, wala hasemi kwamba walimchukia mfalme. Ajabu ni kwamba hapo ndipo Mungu anapotajwa kwa mara ya kwanza katika kitabu hicho kizima, katika kukataa kwa wanawake wawili waliokuwa kazini. Tena majina yao yamehifadhiwa, ilhali jina la mfalme yule kitabu hakilitaji popote.

Wapo watakaopinga wakitumia Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 4, unaofundisha kwamba pendo lililokamilika huifukuza hofu. Kama ndivyo, uchaji una kazi gani kwa Mkristo? Yohana mwenyewe anaifafanua hofu anayoisema: ni ile inayongoja adhabu. Hiyo ndiyo hofu ya mtu anayemkwepa Mungu. Chini ya mlima Sinai, katika Kutoka 20:20, Musa anawaambia watu wasiogope, na katika pumzi hiyohiyo anawaambia kwamba kicho cha Mungu kinapaswa kukaa mbele yao ili wasitende dhambi. Asingeweza kusema yote mawili kama hayo mawili yangekuwa kitu kimoja. Woga humrudisha mtu nyuma. Uchaji humsogeza karibu, ameinamisha kichwa, ametega sikio. Ndiyo maana Kiebrania kinatumia kitenzi kimoja, shama, kwa kusikia na kwa kutii, na Kigiriki cha Agano Jipya kimelijenga neno lake la utii juu ya kitenzi cha kusikia. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kueleweshwa sana hapo: mtoto mkaidi tunasema hasikii, ingawa masikio yake ni mazima.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la Ibrahimu. Katika Mwanzo 22 aliamriwa amtoe Isaka, akaamka asubuhi na mapema akaondoka bila kuuliza. Sura hiyo ni ngumu, na sipendi ifanywe nyepesi. Lakini isisomwe peke yake. Sura nne nyuma yake, Ibrahimu huyohuyo amesimama mbele za Mungu akiuombea mji wa Sodoma, akishuka kutoka watu 50 hadi 10, na Mungu hakumhesabia uasi. Na mlimani, amri ya mwisho aliyoisikia ni kwamba asimguse kijana. Anayetumia sura ya 22 kudai watu wamtii yeye, mwanadamu, amejiweka mahali pa Mungu, na amesahau jinsi sura yenyewe inavyomalizika.

Je, hoja hii haitampa kila mtu ruhusa ya kumpuuza mzazi, mchungaji na serikali? Hapana, na kipimo chake ni nani anayeumia. Kukataa kwa wakunga kuliwaweka wao hatarini na kuliokoa vichanga. Vijana waliochomwa moto Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, wengi wao walikuwa wahudumu katika jumba la Kabaka Mwanga; utumishi wake waliufanya, walichokataa ni kumkana Kristo. Gharama waliilipa wenyewe. Linganisha na msitu wa Shakahola, Kilifi, ambako tangu mwaka 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto ikiwamo, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiko kumwendea Kristo. Wengi wao walitii kwa moyo wote. Kilichokosekana kilikuwa uchaji: mahali ndani ya mtu ambapo sauti ya mhubiri, hata iwe tamu namna gani, inasimamishwa na kuulizwa imetoka wapi.

Kwa hiyo nawasihi wachungaji na walimu wa watoto wasiishie kwenye Amri Kumi. Warudi pia sura ya 1 ya kitabu hichohicho cha Kutoka, wamfundishe mtoto kwamba Shifra na Pua walikuwa watii. Na muumini akiinua mkono kuuliza andiko liko wapi, asionwe mkaidi. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo kwa hamu, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyasema ndivyo yalivyo, na Luka, katika Matendo ya Mitume sura ya 17, amewaita waungwana.