Zana za Kumvulia Jodari

Samaki wengi huwa na ubaridi sawa na wa maji wanamoogelea, lakini jodari amejaaliwa maumbile ya ajabu: mishipa ya damu baridi itokayo matamvuani hupita sambamba na ile ya damu moto itokayo katika misuli yake, na joto huvuka kutoka hii kuingia katika ile kabla halijapotelea baharini, hata misuli ikabaki na uvuguvugu, ikafanya kazi kwa nguvu isiyopungua upesi. Fauka ya hayo, hawezi kusimama, kwani hupata pumzi kwa kuogelea kinywa wazi. Yule mwenye mapezi ya manjano, apatikanaye katika mlango-bahari wa Pemba na nje ya Watamu na Malindi wakati kusi inapolegea, baina ya Agosti na Oktoba, aweza kupita kilo 100.

Mtu aendaye kumtafuta samaki wa namna hiyo aghalabu huanza kwa kuulizia unene wa mshipi, ilhali lililostahili kutangulia ni breki ya rili. Mwaka 1898, katika kisiwa cha Catalina, pwani ya California, Charles Frederick Holder alimvua kwa ufito jodari wa ratili 183, yaani kilo 83, kisha akaasisi chama cha wavuvi wa jodari mwaka ule ule. Rili za zama zile zilizuiliwa kwa kipande cha ngozi kilichokandamizwa kwa kidole gumba, na kwa kuwa mkono wa kuzungushia ulizunguka kinyumenyume kila samaki akikimbia, vidole vingi viliumia. Ilipofika 1913, William Boschen alikuwa akivua huko huko kwa rili yenye breki ndani yake, iliyouachia mshipi kwenda huku mkono umetulia. Mishipi yenyewe ilikuwa ya kitani, ikihitaji kuoshwa na kuanikwa isije ikaoza, adha iliyokoma baada ya nailoni kutangazwa Marekani mwaka 1938.

Breki hiyo haipimwi kwa kukisia. Mshipi hufungwa kwenye mizani ya kuning'iniza, ukavutwa mpaka rili ianze kuachia, na kipimo kiwe kama theluthi ya nguvu ya mshipi: kwa mshipi wa kilo 24, mizani isome 8. Lakini hapa pana jambo linalowaponza wengi. Jodari akizama na kuondoka na mamia ya mita, duara la mshipi uliobaki kwenye rili hupungua, na breki ile ile, pasipo mtu kuigusa, huvuta kwa nguvu zaidi. Duara likifika nusu ya upana wake wa awali, zile kilo 8 zimekuwa 16, na bado hujahesabu uzito wa maji yanayoukokota mshipi mrefu uliopinda. Mvuvi mgeni, akiona mshipi unakwisha, hukaza, na mshipi hukatika papo hapo. Mzoefu hulegeza kidogo, akamwambia nahodha amfuate samaki kwa chombo.

Kipande cha mwisho, kinachoungana na ndoana, nacho kina hesabu yake. Nguru ana meno kama wembe, basi huvuliwa kwa waya. Jodari ana meno madogo na macho makali, na waya humfukuza, hivyo hufungiwa nailoni nzito, au florokaboni, ambayo hupinda nuru kwa kadiri iliyo karibu zaidi na ile ya maji, kwa hiyo haionekani upesi. Wanaorambaza kwa chambo cha bandia hutumia ndoana ya kawaida. Wanaomtegea kwa samaki hai huona faida ya ndoana ya mviringo, ambayo hunasa pembeni mwa kinywa badala ya kumezwa, maadamu mvuvi atajizuia asinyakue kwa ghafula.

Wako wanaojisifu kwa kumshinda jodari mkubwa kwa mshipi mwembamba. Mimi siuoni ushujaa ndani yake. Pambano likirefuka, papa hupata wasaa wa kufika, na yule samaki, ambaye joto lake ndilo lililomfanya awe mbio, huzidi kupata moto hata nyama yake ikapauka na kupoteza ladha. Heri mshipi wa kilo 37, ufito mfupi mgumu, na kulabu mbili imara, kwa kuwa aghalabu jodari hufanya mzunguko wake wa mwisho chini kabisa ya chombo, mahali ambapo ufito mrefu hauna msaada.

Na sanduku la barafu lihesabiwe katika zana, wala lisiwe dogo. Jodari akiisha kupakiwa, sharti achinjwe na damu itoke, kisha azikwe barafuni bila kuchelewa, kwa sababu nyama yake ikiachwa na joto huzalisha histamini, ambayo humwasha mlaji mwili na kumpa maumivu ya kichwa, na moto wa jikoni hauiondoi.