Meza ya pool ya mtumba: Tazama jiwe kwanza, kitambaa baadaye

MSIMU wa kununua pamba ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, fedha huanza kuzunguka Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega. Wakati huo ndipo wafanyabiashara wadogo hutafuta kitu cha kuweka kibarazani kikaingiza chochote kila siku. Meza ya pool ya kutumbukiza sarafu ni mojawapo, kwani mtambo wake hufanya kazi bila umeme. Kwa kuwa meza mpya ni ghali, wengine hufuata zilizokwishatumika, na hapo mtaji unaweza kupotea.

Kosa la mnunuzi mgeni ni kuvutiwa na kitambaa kipya cha kijani. Kitambaa hubadilishwa kwa gharama ndogo ukilinganisha na bei ya meza. Thamani yenyewe iko chini yake.

Jiwe au ubao?

Meza nzuri ina sakafu ya jiwe la sleti. Jiwe la unene wa milimita 19 kwa meza ya futi 7 hufikia kiasi cha kilo 100. Meza za bei nafuu hutumia ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa. Ubao huo ukinywa maji huvimba na haurudi ulivyokuwa. Inama utazame kwa chini na ugonge: jiwe ni la baridi na lina mlio mkavu. Kisha sukuma mpira polepole kutoka pande zote nne. Ukipinda njia ileile hata baada ya miguu kusawazishwa kwa pimamaji, sakafu imekwisha.

Piga pia mpira kwa nguvu uende urefu wa meza na kurudi. Kingo zenye mpira uliokauka kwa joto hutoa mshindo mzito na mpira husimama njiani.

Mtambo wa sarafu

Mtambo hukatwa kwa kipimo cha sarafu moja. Meza iliyotoka nje ya nchi huenda ikadai sarafu ya huko, na hata iliyotengenezwa kwa Sh. 200, iliyoanza kutumika mwaka 1998, haitapokea Sh. 500 ya mwaka 2014 bila kubadilishwa. Ijaribu mara kumi mfululizo. Tumbukiza pia mpira mweupe makusudi: ni lazima urudi kwa njia yake wenyewe. Baadhi ya meza huutenga kwa ukubwa tofauti, nyingine kwa sumaku, hivyo mpira mweupe wa kuokoteza hautafaa. Anayetaka meza ya kuchezea nyumbani tu anaweza kuufungua mtambo huo, lakini jiwe hana namna ya kulikwepa.

Ukinunua Mwanza na kuisafirisha kupitia Lamadi, jiwe litolewe na lisafiri likiwa limesimama kwa ubavu, limefungwa imara. Likilazwa juu ya mizigo laweza kupasuka.

Hesabu ya mwaka

Tuchukue mfano. Meza, usafiri na kitambaa vimegharimu Sh. 1,200,000. Kwa siku 100 za msimu michezo ni 20 kwa siku, kila mmoja Sh. 500, yaani Sh. 10,000. Ukitoa Sh. 4,000 za mlinzi wa meza na pango, zinabaki Sh. 6,000. Nje ya msimu michezo ikishuka hadi 10, kinachobaki ni Sh. 1,000 tu. Mwaka mzima utapata Sh. 865,000, na mtaji utarudi baada ya siku kama 420, tena endapo umenunua mwanzoni mwa msimu.

Hapa ndipo jiwe linapolipa. Kabla ya siku hizo 420 kwisha, mvua za kuanzia Novemba zitakuwa zimepita juu ya kibanda. Meza ya ubao iliyonyeshewa itaharibika kabla haijarudisha fedha zako. Ya jiwe utaibadilishia kitambaa na kuendelea.

Muone pia afisa biashara wa halmashauri kuhusu leseni kabla ya kulipa, na usiruhusu wachezaji kuwekeana fedha mezani, kwani michezo ya kubahatisha ina sheria yake ya mwaka 2003. Na muuzaji akikataa kitambaa kifunuliwe, funga pochi yako uondoke.