Manowari Iliyogeuza Omo

Alasiri ya tarehe 2 Mei 1982, nyambizi ya Uingereza, HMS Conqueror, ilifyatua topido tatu kuelekea manowari ya Argentina, General Belgrano. Mbili zilipiga. Moja iling'oa omo. Nyingine ilipasua upande wa nyuma, karibu na mitambo, na hiyo ndiyo iliyoua wengi zaidi. Umeme ukakatika, pampu zikawa hazina kazi, na moshi ukatapakaa ndani ya meli. Nahodha Héctor Bonzo akaamuru watu wake washuke kwenye vyelezo vya mpira, katika bahari yenye baridi kali na mawimbi makubwa. Watu 323 walikufa, karibu nusu ya Waargentina wote waliopoteza maisha katika vita vya Falklands. Meli yenyewe ilikuwa kongwe: mwaka 1941, ikiwa bado ya Wamarekani na ikiitwa USS Phoenix, ilinusurika shambulio la Pearl Harbor bila hata kukwaruzwa.

Tuhuma zilimwangukia Waziri Mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher. Uingereza ilikuwa imetangaza eneo la marufuku la maili 200 za baharini kuzunguka visiwa vya Falklands, na Belgrano ilizamishwa nje ya eneo hilo, tena ikielekea magharibi, upande wa bara. Ruhusa ya kuishambulia ilitoka Chequers, makazi ya mashambani ya waziri mkuu, siku hiyohiyo, Thatcher na mawaziri wake wa vita walipobadilisha masharti ya mapigano. Wakati huo Rais Belaúnde wa Peru alikuwa akihangaika kuwapatanisha wapiganaji. Wakosoaji wakaunganisha mambo hayo: waliozamisha meli walikusudia kuzamisha amani. Thatcher alisisitiza kwamba habari za mpango wa Peru zilimfikia baada ya topido kufyatuliwa.

Nionavyo mimi, hoja ya eneo la marufuku ndiyo iliyovutia watu wengi, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Mstari kwenye ramani hauipi manowari ya adui kinga ikiwa nje yake. Isitoshe, tarehe 23 Aprili Waingereza walikuwa wamepeleka onyo Argentina kupitia Uswisi kwamba chombo chochote kitakachotishia kikosi chao kitashambuliwa, popote kilipo. Na uelekeo? Meli hugeuka. Siku moja kabla ya Belgrano kuzamishwa, wanamaji wa Argentina walikuwa wakijaribu kuwabana Waingereza kutoka pande mbili: meli yao ya kubeba ndege kaskazini, Belgrano kusini. Bonzo mwenyewe, aliyekuwa na kila sababu ya kulia dhuluma, alikiri baadaye kwamba alitumwa kupigana, na hakukiita kitendo kile uhalifu wa kivita.

Kilichoichafua serikali ni maelezo yake. Tarehe 4 Mei, Waziri wa Ulinzi John Nott aliliambia Bunge kwamba manowari ile ilikuwa ikikikaribia kikosi cha Uingereza. Haikuwa hivyo, ilikuwa imegeuka saa kadhaa kabla ya kupigwa. Wangeweza kusema tu, "Ndiyo, ilikuwa imegeuka, na bado ilikuwa tishio." Badala yake waliushikilia uongo ambao hata hawakuuhitaji, na kila aliyeugundua akawa na haki ya kuuliza kuna nini kingine kimefichwa.

Mei 1983, katika kipindi cha televisheni cha BBC, mwalimu aitwaye Diana Gould alimbana Thatcher moja kwa moja hewani. Kwa nini uliizamisha ikiwa inaondoka? Thatcher akajibu kwamba haikuwa ikiondoka. Gould hakuachia: akataja uelekeo wenyewe, nyuzi 280, na kila waziri mkuu alipokimbilia kwenye usalama wa wanajeshi wake, yeye alimrudisha kwenye nyuzi zile. Mwaka uliofuata Clive Ponting, ofisa wa Wizara ya Ulinzi, alimpelekea mbunge Tam Dalyell nyaraka za siri kuhusu tukio hilo. Alishtakiwa. Jaji aliwaeleza wazee wa baraza kwamba sheria haikumwachia utetezi, lakini Februari 1985 wakamwachia huru.

Familia za mabaharia waliokufa ziliifikia Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2000. Mahakama ikalitupa shauri kwa sababu lilikuwa limechelewa mno, na swali la uhalifu halikuguswa.