X-Trail au Forester: Kiuno chako kinasemaje?

Je, msomaji, ulipokwenda yadi kutazama gari la kununua, uliketi ndani yake kwa muda gani? Wengi wetu hufungua boneti, tukasikiliza injini, tukauliza gari linakunywa mafuta kiasi gani, kisha tukakalia kiti cha dereva kwa dakika mbili na kutangaza kwamba kiti ni kizuri. Kwa bahati mbaya, kiuno hakilalamiki katika dakika mbili. Hungoja mpaka uwe umepita Kericho na unakaribia Londiani.

Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kilomita 350 hivi. Ukihesabu malori ya Mau Summit na msongamano wa Nakuru, hutaketi chini ya saa sita. Na kwa mkazi wa Kisumu safari ndefu si jambo la mara moja kwa mwaka. Kuna matanga Siaya kila mara, kuna watoto wa kupelekwa shule za bweni, kuna mama mzazi wa kutolewa Mbita au Kendu Bay aje kliniki mjini. Kwa hivyo unapochukua mkopo wa chama cha akiba ili ununue gari la familia, unanunua pia mahali ambapo mgongo wako na migongo ya jamaa zako itakaa kwa maelfu ya saa.

Tuchukue magari mawili ambayo utayaona kuanzia Kondele hadi Milimani: Nissan X-Trail ya umbo lililoanza kutengenezwa mwaka 2013, ambayo mafundi huiita T32, na Subaru Forester ya umbo lililotoka mwishoni mwa mwaka 2012, yaani SJ. Yamekaribiana mno, na mengi kati ya yaliyoletwa kutoka Japan yana injini ya cc 2,000. Ndiyo maana mabishano juu yake hayaishi.

Kwanza tuone kinachotokea mwilini. Kati ya pingili za uti wa mgongo mna visahani vya gegedu vinavyofanya kazi kama mito. Katika miaka ya 1960, daktari wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya visahani vya watu walio hai kwa kutumia sindano maalumu. Aligundua kwamba mtu aliyeketi bila kuegemea huvibana kuliko aliyesimama. Vipimo vya watafiti waliofuata vilionyesha kwamba tofauti hiyo si kubwa kwa kila mtu. Hata hivyo, jambo moja limebaki: ukiegemea nyuma kidogo, na kiuno kikapata kitu cha kukishikilia, mzigo hupungua.

Ongeza sasa mtikisiko. Uti wa mgongo wa mtu aliyeketi hutikisika zaidi gari linapodunda mara nne au tano hivi kwa sekunde, na mdundo wa namna hiyo ndio hasa unaopatikana kwenye barabara mbovu. Misuli ya kiuno hukaza bila wewe kujua, ikijaribu kuuzuia. Ukifika nyumbani unasema umechoka, kumbe misuli hiyo imefanya kazi kutwa.

Kwa upande wa kiti cha mbele, X-Trail ina hadithi yake. Kampuni ya Nissan ilichukua wazo kutoka kwa uchunguzi wa shirika la anga la Marekani, NASA, kuhusu jinsi mwili unavyojikunja wenyewe pasipo na uzito. Ikatengeneza kiti ambacho mgongo wake umepinda ili kushikilia nyonga na kifua kwa pamoja. Jina la biashara walilokipa lina makeke kidogo, kwa maana hakuna kiti kinachomwondolea mtu uzito wake. Lakini wazo lenyewe ni la busara, na kwa safari ndefu mimi ningekipa kiti hicho alama zaidi.

Forester haikubali kushindwa kirahisi. Ndani yake unaketi wima, juu, na madirisha ni makubwa. Dereva haoni haja ya kunyoosha shingo kila anapofika kwenye mzunguko au anapotafuta bodaboda iliyojificha ubavuni. Faida nyingine inawahusu wazee: mlango ni mpana na kiti kiko karibu na usawa wa nyonga, kwa hivyo nyanya mwenye magoti mabovu hujisogeza tu akaketi, badala ya kujitosa chini au kupanda kama anayepanda lori. Ikiwa abiria wako mkuu ni mzazi mwenye ugonjwa wa viungo, jambo hilo lina uzito kuliko kiti chochote cha anga.

Kiti cha nyuma ndicho kinachosahauliwa, hasa na wanaume wanaonunua gari wakijua wataendesha wenyewe. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,705 kwa X-Trail na 2,640 kwa Forester. Tofauti ni milimita 65, upana wa vidole vitatu au vinne. Vidole hivyo ndivyo vinavyoamua kama magoti yatagusa kiti cha mbele. Tena kiti cha nyuma cha X-Trail, katika matoleo mengi, husogezwa mbele na nyuma. Anayekaa katikati ana taabu zaidi, kwani Forester huendeshwa kwa magurudumu yote manne, na nundu ya sakafuni humfanya apanue miguu.

Kuna pia X-Trail za viti saba. Usidanganyike: safu ya tatu ni ya watoto. Mtu mzima aliyekunjwa humo hadi Nakuru atashuka akiwa amepinda kama ndoana.

Nalo jambo la samaki. Ukitoka Dunga au Luanda Kotieno na mzigo wa omena, utaipenda X-Trail yenye viti visivyopenya maji, ambavyo vilikuwa sifa yake kule Japan. Forester ya toleo la X-Break nayo ina kitambaa kinachofukuza maji.

Unapokwenda kulijaribu gari, nenda na jamaa yako mzee kuliko wote na aliye mrefu kuliko wote. Keti nusu saa. Kati ya ukingo wa kiti na sehemu ya nyuma ya goti paingie vidole viwili au vitatu. Ukingo ukibana hapo, damu haipiti vyema. Nyosha mkono: kifundo kifike juu ya usukani bila mabega kuachana na kiti. Pochi nene itoe mfuko wa nyuma, kwani hupindisha nyonga na kubana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Mama mjamzito apitishe mkanda wa chini mapajani, chini ya tumbo, kamwe si juu yake. Kisha liendeshe kuelekea Mamboleo na Kiboswa, upande mlima na kupita matuta, si kuzunguka yadi tu.

Na gari lolote utakalochagua, simama kila baada ya saa mbili utembee. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kusafiri ukiwa umeketi kwa saa nne au zaidi huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, ingawa kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, takriban mtu 1 kati ya 6,000. Waliofanyiwa upasuaji majuzi, wajawazito na waliojifungua karibuni wamo katika hatari zaidi.

Ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma siku chache baada ya safari, usiukande kwa mafuta, nenda hospitali. Ukipata maumivu ya kifua au pumzi ikikatika, nenda upesi zaidi. Hali kadhalika ikiwa maumivu ya kiuno yanaandamana na ganzi kati ya mapaja, au umeshindwa kukojoa: hiyo ni dharura ya usiku huohuo, wala haingoji kliniki ya Jumatatu.