Mshipa Umezibuliwa, Mbona Troponini Imepanda?

Ndugu wa mgonjwa aliyepata shambulio la moyo huingiwa na hofu anapolinganisha karatasi mbili za maabara. Ya kwanza, ya mgonjwa alipopokelewa na maumivu ya kifua, inaonyesha troponini iliyopanda kidogo. Ya pili, ya saa chache baada ya mshipa kuzibuliwa, inaonyesha kiwango kikubwa mara nyingi zaidi. Kama matibabu yamefaulu, anauliza, mbona moyo unazidi kuharibika?

Kipimo hakisemi hivyo. Troponini ni protini ya misuli ya moyo inayosaidia kuendesha mapigo. Sehemu kubwa imefungamana na nyuzi za misuli. Asilimia chache tu huelea ndani ya seli. Seli ikifa kwa kukosa oksijeni, ukuta wake huachia: ile inayoelea hutoka kwanza, ile ya kwenye nyuzi hufuata polepole kwa siku kadhaa. Lakini ateri ikiwa bado imezibwa na bonge la damu, hakuna mkondo wa kutosha kuibeba hadi kwenye mshipa wa mkono, ambako sindano ya maabara inaisubiri. Ni kama mfereji wa shamba ulioziba: siku ukizibuliwa, maji ya kwanza huja na takataka zote zilizokuwa zimelala humo.

Kwa hiyo kinachobadilika zaidi ni saa ya kilele. Kimeng'enya cha CK-MB, ambacho nacho hutoka kwenye misuli ya moyo iliyoumia, mshipa usipozibuliwa, hufika kileleni karibu saa 24 tangu maumivu yaanze. Ukizibuliwa mapema, hufika karibu saa 12 au kabla, kisha hushuka haraka. Troponini T, moja ya aina zinazopimwa, mara nyingi huonyesha vilele viwili, kimoja siku ya kwanza na kingine, kidogo zaidi, karibu siku ya tatu au ya nne. Moyo uliookolewa unaweza kabisa kutoa kilele kirefu kuliko moyo ulioachwa ukafa taratibu.

Zamani jambo hili lilikuwa na kazi kubwa wodini. Mwaka 1986 utafiti wa GISSI wa Italia, wenye wagonjwa zaidi ya 11,000, ulionyesha kuwa streptokinase, dawa ya kuyeyusha bonge, ilipunguza vifo vya siku 21 kutoka asilimia 13 hadi 10.7. Miaka miwili baadaye utafiti wa ISIS-2 ukaonyesha kuwa aspirini, kidonge cha bei ya chini kabisa, ilisaidia karibu sawa na streptokinase, na zote mbili pamoja zilisaidia zaidi. Tatizo lilikuwa kwamba daktari aliyetoa dawa ya mshipani hakuiona ateri. Ilibidi akisie kwa maumivu kutulia, mchoro wa ECG kuelekea hali ya kawaida, na viashiria vya damu kupanda kwa kasi.

Dawa za kuyeyusha bonge huacha alama nyingine ambayo puto na stenti za kufungulia ateri haziachi hivyo. Bonge linapomeng'enywa, D-dimer, yaani vipande vya bonge lililomeng'enywa, hupanda kwenye damu, hivyo kwa siku hizo haifai kutumiwa kutafuta bonge la mguuni au mapafuni. Streptokinase pia hushusha sana fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, kuliko dawa mwenzake tenecteplase, na mgonjwa huwa rahisi kutokwa na damu.

Nisingependa msomaji adhani kila ongezeko ni salama. Damu inaporudi ghafla, kalisi hufurika ndani ya seli zilizochoka na baadhi hufa wakati huo huo wa kuokolewa. Tena ateri kubwa inaweza kufunguka huku mishipa midogo ikibaki imeziba. Ndiyo sababu kilele cha siku ya kwanza hakitoshi; kipimo cha saa 72 hulingana vizuri zaidi na ukubwa wa kovu, na ekokadiografia huonyesha misuli inavyosukuma.

Karatasi isiyoandikwa saa ya kutoa damu, basi, haina maana kubwa. Angalia pia kizio cha kipimo. Mgonjwa akihamishwa kutoka hospitali inayoandika nanogramu kwa mililita kwenda inayoandika nanogramu kwa lita, 0.9 itageuka 900 bila moyo kubadilika hata kidogo. Na hata kizio kikiwa kimoja, troponini I ya mashine moja hailinganishwi na troponini T ya nyingine.