Mzazi aliyefika getini na hasira: kichocho, vidonge na kazi ya mhudumu wa afya shuleni

Siku ya kingatiba shule huwa na pilikapilika zake. Foleni ya watoto, ndoo ya maji, vikombe viwili vitatu, na ile fimbo yenye alama ambayo kila mtoto anasimama kando yake ili ijulikane atameza vidonge vingapi. Mwalimu wa afya anagawa, muuguzi kutoka zahanati anaandika. Saa nne asubuhi mambo shwari. Saa sita mchana kuna mama getini, sauti iko juu, anamtaka mtu aliyempa mwanawe sumu.

Kwenye semina mama huyu anaitwa mzazi mkorofi. Lakini ukielewa kile kidonge kinavyofanya kazi mwilini, utaona kwamba kwa taarifa alizonazo amefikiri vizuri tu. Kwa hiyo tuanze na kidonge.

Minyoo ya kichocho haikai tumboni kama minyoo mingine tuliyoizoea. Inaishi ndani ya mishipa ya damu, dume na jike wameshikamana, na jike anataga mayai kila siku. Mengine yanatoka kwenye mkojo au kinyesi. Mengine yananasa kwenye kibofu, utumbo au ini, na hayo ndiyo yanayoharibu mwili taratibu kwa miaka. Mkojo wenye damu ni dalili ya kichocho cha kibofu.

Prazikwanteli inaishambulia minyoo hiyo kwa kuikaza misuli. Chembe za kalsiamu zinamiminika ndani ya mnyoo, misuli inajikunja, ngozi yake inachanika, naye anaachia ukuta wa mshipa. Damu inambeba hadi kwenye ini na kinga ya mwili inamalizia kazi. Cha ajabu ni kwamba dawa hii imetumika kwa miongo kadhaa, lakini mlango hasa inaougusa kwenye mwili wa mnyoo ulitambuliwa mwaka 2019 tu.

Sasa fikiria mtoto mwenye minyoo mingi. Inakufa kwa wakati mmoja, na mwili wake lazima ushughulike na mizoga hiyo yote. Tumbo linauma, kichwa kinagonga, anapata kichefuchefu, kizunguzungu, pengine anatapika. Wataalamu wanayaita maudhi madogo madogo, na kwa kawaida yanaisha ndani ya saa chache au siku moja. Yanazidi kwa aliyemeza dawa na njaa, na ndiyo maana inashauriwa watoto wale kwanza. Shule isiyo na uji, yenye watoto walioondoka nyumbani alfajiri bila hata chai, inajitengenezea wagonjwa wa mchana.

Hapo kuna kitendawili ambacho mzazi hawezi kukifumbua peke yake: mara nyingi mtoto anayeumwa zaidi baada ya dawa ndiye aliyekuwa anaihitaji zaidi. Mama aliona mtoto mzima akienda shule, akaona mtoto anayetapika akirudi. Wa jirani naye vilevile. Ungekuwa wewe ungehitimisha nini?

Mwaka 2008 kule Morogoro jambo hili lilifika mbali. Kingatiba ya kichocho na minyoo kwa watoto wa shule ilizua vurugu kiasi kwamba Wizara ya Afya ikaisimamisha. Mwanaanthropolojia Julie Hastings alifanya utafiti kuhusu sababu zake. Alichokikuta hakikuwa ujinga wa wazazi. Maelezo kuhusu zoezi hayakuwa yamewafikia ipasavyo, uelewa wao wa kichocho na tiba yake haukulingana na wa wataalamu, na ilikuwepo hofu ya muda mrefu kwamba dawa za bure zinazogawiwa shuleni ni njia ya siri ya kuwafanya watoto wasizae.

Hofu hiyo ya uzazi inauma zaidi ukijua ukweli wake. Mayai ya kichocho yanaweza kunasa kwenye via vya uzazi vya mwanamke, yakaleta vidonda, na ugonjwa huo unahusishwa na ugumba. Yaani mzazi anayemficha binti yake ili aje kuzaa huenda anamwacha na ugonjwa uleule unaoweza kumzuia kuzaa. Ni hoja nzito, lakini ukimrushia getini akiwa na hasira itasikika kama tusi.

Basi getini ufanye nini? Cha kwanza ni mtoto. Mlaze kivulini, mpe maji, mpime, mzazi akiwa anaona. Mtoto akiwa na degedege, akipumua kwa shida au akipoteza fahamu, hayo si maudhi madogo madogo tena. Anapelekwa kituoni na maelezo yatafuata baadaye. Akiwa anatapika tu, kaa karibu yake. Mzazi anakupima kwa mikono yako kabla ya maneno yako.

Halafu usalimie. Inaonekana jambo dogo, ila muuguzi wa miaka ishirini na sita anayeanza kumfundisha baba wa miaka hamsini kabla ya shikamoo ameshashindwa. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Mmempa nini mwanangu?”

“Dawa ya kichocho, baba. Naona anatapika, na ningekuwa mzazi ningeogopa pia. Kabla sijaeleza, hebu niambie, asubuhi aliamkaje? Alikula kitu?”

Muuguzi hajajitetea, hajasema “ni kawaida”. Ametaja dawa, amekiri anachokiona baba, kisha akauliza swali ambalo jibu lake analihitaji kitabibu. Wanasaikolojia William Miller na Stephen Rollnick walijenga mbinu nzima ya mazungumzo juu ya msingi huu, wakianzia na watu wenye tatizo la pombe: uliza, sikiliza, rudia ulichosikia kwa maneno yako, omba ruhusa ndipo utoe maelezo. Wazee wetu kwenye vikao wangeshangaa kusikia kwamba hilo lilihitaji utafiti.

Kumzidi mzazi kwa hoja kuna hatari yake. Mwaka 2014 Brendan Nyhan na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la wazazi 1,759 wa Marekani kuhusu chanjo ya surua. Walijaribu aina nne za ujumbe: kukanusha uvumi, kueleza hatari za ugonjwa, picha za watoto wagonjwa, na kisa cha kusikitisha. Hakuna hata mmoja uliowaongezea wazazi nia ya kuchanja. Kukanusha kulipunguza imani potofu, lakini kwa waliokuwa na mashaka zaidi nia ya kuchanja ikashuka. Marekani si Morogoro, na chanjo si kidonge, lakini mtu aliyebanwa kwenye kona tunamjua sote.

Neno jingine la kuepuka ni “anajifanya”. Hofu huambukiza, hasa shuleni, na mwili unaitikia kweli. Mwaka 1962 kule Kashasha, Kagera ya leo, wasichana watatu walianza kucheka bila kujizuia. Hatimaye wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa na hali hiyo na shule ikafungwa. Hakukuwa na sumu, hakukuwa na kirusi. Kwenye kingatiba, mtoto mmoja akianguka mbele ya foleni, wengine wanaweza kufuata hata ambao hawajameza. Mtoe pale, mhudumie faraghani, foleni isimame kidogo. Ila usimwambie mzazi kwamba mwanawe anaigiza. Kizunguzungu chake ni cha kweli, chanzo tu ndicho tofauti.

Kuna sababu nyingine ya kumsikiliza mzazi, na hii ni ya usalama kabisa. Mzazi anajua ambacho fomu yako haijui. “Huyu ana kifafa,” atasema, na hapo unatakiwa kusimama. Katika maeneo yenye ufugaji wa nguruwe, kama Mbulu au nyanda za juu kusini, kifafa wakati mwingine kinatokana na viluwiluwi vya tegu waliojikita kwenye ubongo, na prazikwanteli ikiwagusa inaweza kuamsha degedege. Mtoto huyo ni wa kupelekwa kwa daktari kwanza. Mzazi aliyekuwa “anasumbua” amekuepusha na balaa.

Maswali mengine yana majibu mafupi, uwe nayo mdomoni. Kwa nini hamkumpima uzito? Kwa sababu kwa watoto urefu unakadiria uzito vizuri vya kutosha, na mizani nzuri haipo kila shule. Kwa nini wangu kapewa vitatu na mwenzake viwili? Kwa sababu wako ana sentimita 155 na mwenzake 130. Mwonyeshe fimbo yenyewe, mwache aishike. Kwa nini mmempa wakati hajapimwa kama anaumwa? Hili ni swali zuri kuliko yote: palipo na kichocho kingi, kupima kila mtoto ni gharama kubwa kuliko dawa yenyewe, na dawa ina historia ndefu ya usalama hata kwa asiye na minyoo. Sema hivyo hivyo, pamoja na habari ya gharama. Watu wanaelewa bajeti.

Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya kazi hii ni ya wiki moja kabla. Karatasi anayotumwa nayo mtoto jana yake jioni, kwa Kiswahili cha ofisini, haimfikii mtu. Kikao cha wazazi kinafaa zaidi, na pale yatajwe maudhi yote waziwazi: wengine watatapika, wengine tumbo litauma, wapeni chakula asubuhi, ikifika kesho yake bado mtoto anaumwa njooni zahanati. Wahudumu wengi huogopa kutaja kutapika wakidhani watawatisha watu. Lakini mama aliyeambiwa Jumatatu kwamba mtoto anaweza kutapika Ijumaa, akimwona anatapika, anaona mtu aliyesema kweli. Asiyeambiwa anaona sumu.

Mzazi mgumu kumfikia ni yule asiyefika getini kabisa. Anakubali kikaoni, siku yenyewe mtoto anabaki nyumbani “anaumwa”. Huyo utamjua kwenye daftari tu. Usimtume mgambo, wala usimtume mwalimu mkuu. Mtafute jirani yake ambaye mtoto wake alimeza akapona, umwombe akupeleke kwake jioni. Akikataa bado, andika jina na sababu kwa maneno yake mwenyewe. Mtoto anayechota maji na kuogelea bwawa lilelile anaweza kuambukizwa tena, kwa hiyo kingatiba itarudi, na wewe utakuwa na sababu hiyo mkononi kabla ya kuitisha kikao kijacho.